Mtoto Akililia Wembe



Wazee wetu walituachia methali ijulikanayo na kila asemaye Kiswahili, tangu pwani hata huku kwetu milimani: mtoto akililia wembe, mpe. Nilipokuwa mwanafunzi katika seminari ndogo niliiandika methali hiyo katika daftari langu, nikaieleza kwa maneno mengi ya werevu, na mwalimu akanipa alama nzuri. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, tena baba wa watoto watatu, nami naona ya kuwa siku ile sikuielewa hata nusu. Maana yake nilikuja kufundishwa jikoni mwangu, hapa Kamituga, na mama mkwe wangu asiyejua kusoma.

Kwa wale wasioujua, Kamituga ni mji wa dhahabu katika eneo la Mwenga, yapata kilomita 180 kutoka Bukavu. Dhahabu yetu ilianza kuchimbwa zamani za Wabelgiji. Makampuni yalikuja, yakaondoka, mashimo yakabaki. Na siku hizi wanaume wengi hushuka humo kwa nyundo na tindo. Mwenye shimo huitwa PDG, kama mkubwa wa kampuni, hata kama kaptula yake ina viraka. Akina mama wanaoyaponda mawe huitwa twangaise, neno lililozaliwa na kinu chetu na kumaliziwa kwa Kifaransa. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao muda wa miaka zaidi ya ishirini.

Jioni moja ya mwaka jana, majira ya mvua, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, amechutama karibu na mbabula. Yeye ni mchimbaji, na wakati ule alikaa kwetu. Mkononi alishika kijiko cha chuma, na ndani ya kijiko mlikuwa na donge jeupe, dogo kama punje ya mahindi. Ilikuwa dhahabu iliyoshikwa na zebaki. Wachimbaji huitia zebaki katika unga wa mawe yaliyotwangwa, nayo hukusanya chembe za dhahabu ambazo vidole haviwezi kuziokota. Kisha donge lile huchomwa motoni, zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Binti yangu mdogo, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa ameegemea bega la mjomba wake, akingoja kuona donge jeupe likigeuka kuwa la manjano. Kwake huo ulikuwa mchezo mzuri kupita michezo yote. Kando yao sufuria ya sombe ilikuwa ikingoja moto ule ule.

Nilimvuta mtoto kwa nguvu hata akalia. Nikaanza kuhubiri. Nilimwambia shemeji ya kuwa zebaki ikipaa haina rangi wala harufu, lakini huingia mapafuni, ikadhuru ubongo na figo. Ya kuwa ubongo wa mtoto mdogo ungali unajengwa, hivyo hudhurika upesi kuliko wa mtu mzima. Nikamtajia na mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, ambayo yanazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi zikomeshe uchomaji wa namna hiyo mahali wanapoishi watu, tena ziwakinge hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwalimu, mimi ni mjomba wake. Je, wadhani nampenda kidogo kuliko wewe?”

Mama mkwe alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Hakuinua macho. “Mkwe wangu,” alisema polepole, “mke wako nilimlea kando ya kinu. Nilimfunga mgongoni nikitwanga, akalala katika vumbi la mawe. Ndugu zake walichomewa dhahabu mbele ya pua zao. Wote wazima. Hao waliotunga sheria, walimlea nani hapa Kamituga? Siku moja wakubwa walikuja machimboni wakatufukuza sisi tuliokuwa na watoto. Walisema mtoto hapaswi kuwa mahali pale. Walisema kweli. Lakini hawakusema awe wapi.”

Nilinyamaza. Kwa desturi zetu mkwe hapandishi sauti mbele ya mama mkwe. Lakini nilinyamaza pia kwa kuwa sikuwa na jibu. Maana maneno yake ya mwisho yalikuwa ya haki kabisa. Nchi yetu haikukosa sheria. Iko sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, inayokataza kumtia katika kazi mbaya za kudhuru afya yake. Iko ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa, iliyoanzishwa mwaka 1974. Lakini sheria inayomfukuza mama machimboni bila kumwonyesha pa kumwacha mtoto wake, wala pa kupata unga wa jioni, humwondolea mtoto hatari moja na kumtia katika nyingine. Mama yule alipima hatari mbili, vumbi na njaa, akachagua ile aliyodhani ni ndogo. Ni nani kati yetu angethubutu kumwita mzazi mbaya?

Basi nililala usiku ule nikijiuliza: je, ni nani aliye na haki ya kupima hatari ya mtoto, mzazi wake ama serikali?

Jibu lilinijia kwa njia nisiyoitaka. Majuma mawili baadaye mtoto yule yule akashikwa na kikohozi. Hakulala usiku kucha, wala sisi hatukulala. Asubuhi, nikielekea shuleni, nilikutana na kijana mmoja mchuuzi aliyebeba dawa katika sinia. Nikanunua chupa ya dawa tamu ya kikohozi. Maandishi yake yalikuwa ya lugha nisiyoijua, na tarehe ilikuwa imefutika. Mimi niliyefundishwa Kilatini sikuweza kuisoma chupa ya mwanangu! Lakini bei ilikuwa ndogo, kituo cha afya kilikuwa mbali, na kengele ya shule ilikuwa karibu kulia. Nikarudi mbio nyumbani, nikampa kijiko kizima cha mezani, na kingine nikamwagiza mama yake ampe saa sita.

Mchana mtoto akalala. Jioni nilipofika alikuwa angali amelala. Tulimwita, tukamtikisa, akafumbua macho kidogo, akayafumba tena. Tukambeba mbio hadi kituo cha afya katika matope, mama mkwe akitangulia na tochi. Muuguzi alimpima, akamhudumia, kisha akaomba kuiona chupa. Akaigeuzageuza chini ya taa. “Mwalimu,” akaniuliza, “ndani yake mna nini?” Sikujua. “Ilitengenezwa na nani?” Sikujua. “Ulimpa kipimo gani?” Nikamwonyesha kwa vidole ukubwa wa kijiko. Hakunikemea, na afadhali angenikemea.

Kwa neema ya Mungu mtoto aliamka alfajiri, akaomba uji. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, mama mkwe alinitazama kwa muda, akasema neno moja tu: “Kumbe na wewe, mkwe wangu, unayo zebaki yako.”

Ndipo nilipoikumbuka ile methali ya wembe, nikaona nimeipita siku zote bila kuitazama. Wembe ni mwalimu mwema. Kwanza hukata kidogo. Pili hukata papo hapo, wakati mtoto angali ameushika mkononi. Tatu damu yake huonekana na wote, hata ndugu zake wakajifunza kwa kutazama. Mzazi anayemwachia mtoto wembe hakumtupa. Amekaa karibu, amekwisha kupima ukubwa wa jeraha, ajua litapona, na ajua ya kuwa funzo litabaki. Hivyo ndivyo tulivyojifunza moto, na kisu cha kumenyea mihogo, na jiwe lenye utelezi mtoni, na tawi bovu la mwembe. Katika mambo hayo mzazi ndiye hakimu wa kweli, maana yeye ndiye amjuaye mtoto: huyu mpole, huyu mwepesi, yule hasikii mpaka aumie.

Lakini zebaki si wembe. Haikati leo, hukata baada ya miezi na miaka. Haitoi damu. Mkono ukianza kutetemeka twasema mtu amerogwa. Mtoto akisahau somo kila siku twamwita mvivu. Hakuna arudiye nyuma kukumbuka kijiko na mbabula. Hata mama mkwe wangu aliposema wote wazima, alisema aliyoyaona, na macho yake hayakumdanganya. Ila hayakuwa na uwezo wa kuona zaidi. Vivyo hivyo chupa yangu. Sumu tamu haimfundishi mtoto kitu, wala haimfundishi baba yake, isipokuwa kwa gharama isiyolipika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, naam. Lakini kujua uchungu si kujua sumu. Mapenzi humfanya mzazi akeshe. Hayampi macho ya kuona kilichomo ndani ya chupa.

Wala tusidhani ya kuwa jambo hili ni la Kamituga tu. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, nchi ya Nijeria, watoto zaidi ya 400 walikufa. Wazazi wao walikuwa watu kama sisi: walileta mawe ya dhahabu nyumbani, wakayasaga uani. Hawakujua ya kuwa mawe yale yalikuwa na madini ya risasi mengi mno, na vumbi lake likaingia katika mikono, mikeka na vyakula vya watoto. Huko Minamata, nchi ya Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitangazwa mwaka 1956, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaimeza, watu wakala samaki. Na wako akina mama walioonekana wazima kabisa, lakini watoto wao wakazaliwa wameharibika. Mama gani angaliweza kuiona hatari hiyo kwa jicho lake?

Na juu ya dawa tamu: mwaka 1937 huko Marekani kiwanda kimoja kilitengeneza dawa ya maji, kikaichanganya na kimiminika kitamu ambacho kumbe ni sumu ya figo. Watu zaidi ya 100 walikufa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mtengenezaji aipime dawa kabla ya kuiuza. Sheria ilitungwa mwaka uliofuata, 1938. Ungefikiri jambo hilo lilikwisha. Lakini mwezi wa Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa za kikohozi za watoto zilizopatikana Gambia zikiwa na sumu ile ile, na makumi ya watoto walikuwa wamekwisha kufa. Mama wa Gambia alifanya lipi baya? Alimpenda mwanawe, akamnunulia dawa. Kosa lilikuwa kwa waliotengeneza na kwa waliopaswa kupima wasipime.

Kwa hiyo nimejifunza kuigawa hatari katika mafungu mawili. Hatari inayoonekana, inayokata kidogo na kufundisha, ni ya mzazi. Hatari iliyofichwa, inayokata mara moja au inayokata kimya, ni ya sheria. Nayo serikali isipoishughulikia imemwacha mzazi apigane gizani.

Lakini na sheria nayo ijue mpaka wake. Ikiwa mzazi anaweza kukosea kwa kutoona, mtunga sheria aweza kukosea kwa kutaka kuona kila kitu. Wamarekani hao hao, baada ya midoli mingi kugunduliwa mwaka 2007 kuwa imepakwa rangi yenye risasi, walitunga mwaka 2008 sheria kali juu ya vitu vyote vya watoto. Nia ilikuwa njema. Lakini sheria ilitupa wavu mpana mno: mafundi wadogo waliochonga midoli ya mbao walilia kwa gharama za vipimo, na wenye maktaba wakaingiwa na hofu juu ya vitabu vya zamani vya watoto. Ilibidi wairekebishe mwaka 2011. Nami nafikiri watoto wetu wa Kamituga, wanaojitengenezea motokaa kwa makopo ya samaki na waya, na mpira kwa mifuko na kamba. Mkaguzi akija kutafuta muhuri juu ya motokaa ile, ataona kingo kali na waya uliojitokeza, naye atakuwa amesema kweli. Lakini akiichukua atakuwa amechukua shule nzima. Vidole vitakatwa kidogo. Huo ni wembe, tumwachie.

Hata Mama Kanisa ametufundisha kwa mizani hiyo. Papa Pius XI katika waraka wake wa mwaka 1931 alieleza ya kuwa jambo ambalo jamii ndogo yaweza kulifanya kwa nguvu zake, jamii kubwa isilinyang'anye. Bali kazi yake ni kuisaidia. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ukatukumbusha ya kuwa wazazi ndio waleaji wa kwanza wa watoto wao. Wa kwanza, ndiyo. Haukusema wa peke yao. Sheria njema haimnyang'anyi mama mtoto. Humwongezea mama mkono wa tatu. Huko Marekani, tangu sheria ya mwaka 1970, dawa nyingi huuzwa katika chupa zenye kifuniko ambacho mtoto mdogo hupata taabu kukifungua. Kifuniko hicho hakimwambii mama jinsi ya kulea. Kinamlindia mtoto katika zile dakika chache anapokwenda kuteka maji.

Tena nasema neno moja zaidi, maana nisipolisema nitakuwa mwongo. Ziko hatari tunazoziona waziwazi na bado tunaziingia. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa iliyajaza maji mashimo ya hapa Kamituga, yakaporomoka, na watu wapatao 50 wakafa ndani. Mji mzima ulisimama pale juu ukilia. Wachimbaji wenzao wakarudi kushuka mashimoni baadaye, si kwamba hawakuona. Njaa nayo hupima hatari, na mizani yake haina haki. Kwa hiyo anayetaka mzazi apime vizuri, na amwondolee kwanza kidole cha njaa katika mizani. Hapo ndipo sheria zetu zinapochechemea: zina makatazo mengi, mikono michache.

Sasa niwaambie yaliyotokea nyumbani. Baada ya usiku ule wa kituo cha afya sikuhubiri tena. Chupa niliitupa chooni, nikaapa ya kuwa dawa ya mtoto itatoka kwa wale wanaoweza kujibu maswali matatu: ndani mna nini, nani ametengeneza, kipimo ni kipi. Mafuta ya taa tuliyokuwa tukiyaweka katika chupa ya soda tukayahamishia katika dumu lenye alama, juu darini. Nikamweleza shemeji juu ya chombo kilichofungwa cha kuchomea, chenye mrija, ambacho huirudisha zebaki ikawa maji tena, hata mwenyewe akaweza kuitumia mara ya pili bila kununua nyingine. Jambo hilo la mwisho lilimpendeza kuliko maonyo yangu yote, ingawa chombo chenyewe bado hajakipata.

Lakini aliyemtoa jikoni hakuwa mimi. Alikuwa mama mkwe. Asubuhi moja alikichukua kile kijiko cha chuma, akakifunga katika kitambaa, akampa mwanawe mkononi. “Mimi nililea bila kujua,” alimwambia. “Sasa nimeambiwa. Nenda ukachomee mbali na mjukuu wangu.” Shemeji hakujibu neno. Akatoka.

Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu, nikipita nyuma ya nyumba yetu, nikamwona amechutama chini ya paa la mabati, penye upepo unaokwenda bondeni. Chini yake kidogo iko nyumba ya jirani, mjane kijana, na mlangoni mwake mtoto anayetambaa alikuwa akichezea kifuniko cha sufuria. Bibi amemlinda mjukuu wake kama apaswavyo bibi. Lakini mama yule wa bondeni hakuulizwa na mtu yeyote, wala hakuona kitu, maana hakuna cha kuona.

Nilishuka, nikabisha hodi mlangoni kwake.